Chiriku Hana Kazi

Watu wanaotengeneza filamu kutoka kwenye vitabu hawapendi vitabu. Nasema hivi nikiwa mmoja wao, tena bila kupepesa macho. Wanapenda kitabu ambacho watu wengine wameshakipenda, kama mnunuzi anavyoipenda nyumba ya marehemu: anaingia, anagonga kuta kwa kidole, halafu swali lake la kwanza ni ukuta upi unaweza kubomolewa.

Safari hii nyumba yenyewe ilikuwa ya mama yangu mdogo. Aliandika Ngome ya Chumvi, hadithi ya vitabu sita, kila kimoja kinene kiasi kwamba ukikiangusha jirani anakuja kuuliza kulikoni. Humo ndani mna nchi ambako mvua imepigwa marufuku, mna malkia anayefuga upepo kwenye mitungi, mna majoka wawili ndugu wasiosemezana, mna vita vinavyoanza katika kitabu cha pili na wasomaji hawavichoki mpaka cha tano. Mna ramani pia, na ramani zake huzichezei. Mama mdogo alifundisha jiografia mpaka akastaafu, na hata kwa uchawi hakubali mto upande mlima.

Mimi kazi yangu ni kukata. Wananiita mwandishi wa filamu kwa heshima tu. Unaniletea kitabu kizima, nakurudishia kurasa chache zenye "anaingia" na "anatoka", na kila aliyekipenda kile kitabu anataka kujua ninaishi wapi. Nimekata hadithi za mapenzi, nimekata za kijasusi, na sikuwahi kukosa usingizi kwa ajili ya mhusika yeyote. Mmoja tu ndiye aliyenishinda.

Anaitwa Chiriku. Katika kila kitabu kuna ngome, kila ngome ina lango, na kwenye kila lango utamkuta mtoto huyu wa kike, pengo mbele, sauti ya kukwaruza, anapiga soga na walinzi. Anawauliza kama upanga huwa unasikia baridi. Anawauliza nani anamkata kucha joka. Hapigani, hana uchawi, si binti mfalme aliyepotea. Lango linakuja kufunguliwa kwa sababu nyingine kabisa, na yeye anakwenda zake mpaka kitabu kinachofuata.

Wasomaji hawajui kwamba Chiriku alikuwa mtu. Alikuwa binti wa pekee wa mama mdogo, kwa hiyo alikuwa mdogo wangu, na likizo zote tulilala kitanda kimoja. Jina hilo la ndege tulimpa sisi kwa sababu ya domo lake, maana alikuwa haachi kuongea hata akiwa na chakula mdomoni. Alipougua, mama mdogo alianza kumsimulia Ngome ya Chumvi wodini ili asitazame sindano. Alikufa hadithi ikiwa bado imesimama nje ya lango la kwanza. Mama mdogo alimzika, akarudi nyumbani, akakaa kwenye ile meza aliyokuwa akisahihishia madaftari ya wanafunzi, akaendelea na hadithi.

Na picha yake ya maana mama mdogo hana. Mtoto alikuwa hatulii, kwa hiyo kila picha imetikisika. Ile ya shule, ambayo mpiga picha aliwakaripia wote mpaka wakatulia, kichwa cha mwenzake kimemziba mpaka machoni. "Sura yake ninayo humu," mama mdogo aliniambia zamani, akigusa paji la uso, "na kwenye vitabu. Kwingine hayupo." Basi niliposikia kwamba haki za Ngome ya Chumvi zimenunuliwa, niliiomba kazi ile mwenyewe. Nilijua nakwenda kulinda nini.

Ofisi ya mtayarishaji iko juu ya duka la magodoro. Ili ufike kwake unapita katikati ya magodoro yaliyovalishwa nailoni, na ukishafika juu ukamsikiliza kidogo, unatamani ungebaki chini ukalala. Tunamwita Bwana Dakika. "Msiniletee kurasa," husema. "Niambieni ni dakika ngapi." Siku alipokutana na mama mdogo kwa mara ya kwanza alimuuliza, kwa heshima zote, kwa nini asingeandika vitabu vifupi.

Mwongozaji wake anajiita Msanii, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea kumwita hivyo. Huvaa skafu ndani ya chumba ambacho kiyoyozi chake kilikufa zamani. Yeye alikuwa amesoma jalada la kitabu cha kwanza, mbele na nyuma, na alilisifu sana. Wa tatu alikuwa Mjuzi, mwenyekiti wa mashabiki wa Ngome ya Chumvi, aliyeajiriwa kuwa mshauri ili wenzake wasipige kelele mtandaoni. Mjuzi anaweza kukuambia koti la nahodha lina vifungo vingapi na kipi kilikatika ukurasa gani. Ukimuuliza kwa nini nahodha analia, atakujibu kwamba ni kwa sababu ya kifungo.

Bwana Dakika ana njia yake ya kufupisha kitabu, na anaringa nayo kama aliyegundua moto. Kila mhusika anaandikiwa kadi, na kadi zote zinabandikwa ukutani. Halafu kila mtu kwa zamu anabandua moja. Bwana Dakika anainua kikombe chake, anapiga fundo moja la chai. Kama hakuna aliyepiga kelele mpaka amemeza, mhusika amekufa na kadi yake inakwenda kwenye ndoo ya taka. Anakiita kipimo cha kelele. "Mtu akiwa muhimu," anasema, "atapigiwa kelele." Watu wazima na akili zetu tukakaa pale tukiua majemadari kwa mafundo ya chai.

Walikufa wachawi wote wa kaskazini. Akafa kaka yake malkia. Mjuzi alipiga kelele kwa kila kadi mpaka ikaamuliwa kwamba za kwake zisihesabiwe. Likafa joka moja, kwa sababu Bwana Dakika aliona majoka wawili wanafanana. Mapigano yote ya vitabu vile sita yanatokana na ndugu wawili wasiosemezana, na sasa alibaki mmoja, asiyesemezana na nani sijui.

Halafu ikafika zamu ya Msanii. Akazungukazunguka mbele ya ukuta, akajishika kidevu, akabandua Chiriku.

"Huyu ndege simtaki," alisema. "Ndege wana gharama."

"Si ndege," nilisema. "Ni mtoto."

"Mtoto? Hao ndio balaa kabisa."

Bwana Dakika alikuwa ameshainua kikombe. Nikapiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, na sidhani kama lilikuwa neno. Chai ilimpalia, akakohoa mpaka macho yakamtoka, na muuza magodoro akagonga dari kwa ufagio kutoka chini.

"Haya, dada," alisema akijifuta kidevu. "Tueleze. Huyu anafanya nini?"

"Anaongea na walinzi."

"Ili awaibie funguo?"

"Hapana, anaongea tu."

"Anakufa?"

"Hafi."

"Basi hana kazi. Mtu asiyekuwa na kazi ndani ya hadithi ni dakika zangu zinateketea hivihivi."

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kwa kanuni za kazi yetu alikuwa anasema kweli. Mhusika wa namna hiyo ndiye wa kwanza kutolewa. Angekuwa wa kitabu cha mtu baki, ningemtupa kwenye ndoo mimi mwenyewe nikaenda kula.

Msanii naye akapata wazo. Mawazo yake huja hivyo, kama chafya. "Kwa nini tusimfanye ndege kweli? Ndege wa kompyuta, anaongea, anaimba kidogo, anakaa begani kwa nahodha. Watoto watataka midoli yake." Bwana Dakika alimtazama kama mtu aliyeteremshiwa malaika.

Hapo adabu ikaniisha. Niliwaambia kwamba wao watatu hawafai hata kuchagua pazia la bafuni. Niliwaambia kwamba joka lao moja ni mjane wa ujinga wao. Niliwaambia mengi, na yote yalikuwa ya kweli, halafu nikashusha sauti na kuwakumbusha kwamba kwenye mkataba mama mdogo ana haki ya kuona kila kitu kabla kamera haijaanza kazi, na akikataa, hakuna filamu. Mwisho nikawaambia Chiriku alikuwa nani.

Msanii akavua skafu. Mjuzi, aliyejua vifungo vyote, hili hakuwa akilijua. Bwana Dakika akaichukua ile kadi, akaibandika ukutani kwa mkono wake mwenyewe, akaipigapiga kama anayebembeleza mtoto.

"Ungesema mapema," alisema. "Filamu kama hii inahitaji moyo." Alilitamka neno moyo kama mtu anayeagiza viti.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa mama mdogo. Nilimkuta sebuleni anapiga pasi mapazia.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema hivyo, nani anakufukuza?"

"Tumeshinda. Chiriku anabaki."

Akaisimamisha pasi wima. "Watu watamuona?"

"Watamuona."

"Akiongea?"

"Akiongea mpaka wamchoke."

Akacheka, kicheko kile cha zamani ambacho nilikuwa nimekisahau, kisha akalivuta tena pazia ambalo alikuwa ameshalimaliza na kulipiga pasi upya. Nilitoka pale nimevimba kichwa. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii nilikuwa nimeokoa kitu, na nilijiona mtu wa maana.

Sasa, mtu kama Bwana Dakika akiogopa huwa mkarimu, na ukarimu wake ni wa kuogopwa kuliko ubahili wake. Mama mdogo akikataa, filamu inakufa. Kwa hiyo aliamua kumfurahisha, tena kumfurahisha kuliko alivyowahi kufurahishwa. Alimwita Mjuzi akamuuliza Chiriku yukoje, na Mjuzi hakuhitaji hata kufungua kitabu. Yote alikuwa nayo kichwani: pengo, sauti ya kukwaruza, kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, sikio ambalo mtoto hulivuta akisubiri jibu, jinsi anavyosimama kwa mguu mmoja huku wa pili ukiukuna wa kwanza. Maskini, elimu yake ilikuwa imepata kazi. Wakazunguka mashuleni, kwenye kwaya, kwenye viwanja vya mpira, mpaka wakampata mtoto mwenye vyote. Kovu tu ndilo lililopakwa.

Nilisikia kwamba wanamtafuta, na nikafurahi. Nilisema safi, angalau mara moja katika maisha yao wamekifuata kitabu. Tunawalilia kila siku wasibadilishe chochote, na hao sasa walikuwa hawabadilishi chochote.

Mama mdogo alialikwa kuja kuona "zawadi ndogo". Hakuambiwa ni nini, kwa kuwa Bwana Dakika anaamini furaha haina ladha kama mtu hakushtuliwa nayo. Alivaa gauni lake la harusini, la kuhudhuria za wenzake, akakaa kwenye kiti cha mbele cha kile chumba kidogo cha kutazamia picha, mkoba magotini.

"Shikamoo mama," alisema Bwana Dakika.

"Marahaba baba."

"Leo tumekuandalia kitu, mama. Wewe kaa tu."

Msanii na Mjuzi walisimama nyuma wakichekacheka kama wanafunzi walioficha chura kwenye meza ya mwalimu. Taa zikazimwa.

Kwenye skrini likatokea lango la mbao, lililopakwa rangi vibaya. Mbele yake alisimama mtoto kwa mguu mmoja. Alivuta sikio. Akamwangalia mlinzi kutoka chini mpaka juu, taratibu, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Wewe, huo upanga wako huwa unasikia baridi?"

Alikuwa yeye. Hapana, hakuwa yeye: kidevu hakikuwa chake, na mtoto huyu alisubiri mlinzi amalize kusema, jambo ambalo Chiriku hakulifanya hata siku moja. Lakini ukimtazama mara ya pili kidevu unakisamehe, na mara ya tatu hukioni tena.

Mama mdogo hakulia. "Rudisheni," alisema.

Wakarudisha. Mtoto akavuta sikio, akauliza habari za upanga.

"Rudisheni tena."

Bwana Dakika alinipiga kiwiko gizani. "Umeona?" alininong'oneza. "Umeona?" Meno yake niliyaona hata bila taa.

Zilipowashwa mama mdogo alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili. "Anafanana," alisema. "Mmefanya kazi." Akaomba amuone mtoto mwenyewe. Wakamleta, makombo ya biskuti kifuani, akapiga goti kidogo na kumwamkia bibi. Mama mdogo aliitikia, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akamtazama kwa muda mrefu mpaka mtoto akaanza kuniangalia mimi. "Unaongea vizuri, mama," alimwambia. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema neno, nami kwa akili zangu nikadhani ni furaha.

Bwana Dakika alimweleza kila aliyepanda zile ngazi kwamba amemrudishia mama mmoja mtoto wake. Alimweleza mpaka muuza magodoro. Yeye, mtu ambaye hajawahi kumaliza kitabu, alikuwa amefufua wafu kwa sauti na kovu la kupaka, na nilipomsikia akisimulia kwa mara nyingine nilimwambia anyamaze.

Haukupita muda, mama mdogo akanipigia simu akaniambia nipite kwake. Nilimkuta jikoni, vikombe havijaoshwa, jambo ambalo nyumba ile hailijui. Mezani alikuwa ametandaza picha zote za Chiriku: mkono uliotikisika, kichwa kilichotikisika, gauni lililotikisika.

"Mwanangu," alisema kabla sijakaa, "kidevu cha Chiriku kilikuwaje?"

Nikacheka kidogo. "Mama mdogo, si unakijua."

"Nakuuliza wewe."

Nilifungua mdomo nimwambie. Likanijia lile lango lililopakwa rangi vibaya, akanijia yule mtoto wa biskuti, anavuta sikio, anamsubiri mlinzi amalize. Nikajaribu kitanda chetu cha likizo. Akageuka upande wangu kwenye mto, na alikuwa yuleyule.

"Kilikuwa..." nilisema, nikakwama.

"Na wewe pia," alisema mama mdogo. Hakunilaumu. Nafikiri alikuwa ametumaini kwamba kwangu bado yupo.

Nilivuta kiti nikakaa. Akaanza kuzikusanya zile picha moja moja.

"Nilikuwa nikifumba macho anakuja mwenyewe," alisema. "Sina haja ya kumwita. Sasa anakuja yule wenu. Anavuta sikio vizuri, anaongea vizuri, namwambia toka, hatoki. Mngeniletea mtoto asiyefanana naye hata kidogo, ningewacheka, nikarudi nyumbani na wangu. Huyu amekaa palepale pake."

"Lakini kwenye vitabu yupo, mama mdogo. Ukisoma..."

"Nimesoma. Tangu siku ile nasoma. Kila lango nikifika, aliyesimama ni yule."

Nilitamani kumlaani mtu. Nilimtafuta Bwana Dakika moyoni nimtukane, nikamtafuta Msanii, nikamtafuta Mjuzi na kumbukumbu yake, na wote niliwatukana vizuri sana kimoyomoyo, lakini haikusaidia. Kosa walilolifanya safari hii ni kwamba hawakukosea.

"Mtoe," alisema mama mdogo.

"Nimtoe kwenye filamu?"

"Mtoe kabisa. Huyu nimemuona mara chache tu. Nikija kumuona mkubwa kama nyumba, na watu wote ukumbini wanamcheka, na barabarani wamembandika, ndiyo basi tena. Sasa hivi labda nitamsahau. Nikimsahau huyu, labda wangu atarudi." Akaziweka picha kwenye bahasha. "Na yule binti msimuumize. Hana kosa. Mpeni kazi nyingine, ila mumfunike uso."

Nilipanda zile ngazi za magodoro asubuhi yake nikamwambia Bwana Dakika. Kwanza aliogopa, akadhani mama anakataa filamu nzima. Alipoelewa kwamba ni Chiriku tu, nilimuona anapiga hesabu ya dakika zake, na uso ukamng'aa kama aliyeshushiwa mzigo.

"Mimi si nilisema?" alisema. "Tangu siku ya kwanza! Nilisema huyu hana kazi!"

Nimefanya kazi na wajinga wengi, na wote huwa nawavumilia kwa faraja moja, kwamba wamekosea. Huyu alininyang'anya hata faraja hiyo. Msanii hakungoja hata tumalize kuongea, akakimbilia simu kuagiza ndege wake.

Nikakaa nikamkata mdogo wangu. Huwa ukitoa mhusika unabaki na matundu, mtu anajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, na inabidi uzibe hapa na pale kama fundi wa mabati. Kwa Chiriku hapakuwa na cha kuziba. Nilimtoa lango la kwanza, nikamtoa la pili, nikaendelea mpaka la mwisho, na hadithi haikutikisika hata kidogo. Ilikwenda mbele kama vile hakuwahi kusimama pale.

Mjuzi alilia. Alilia machozi ya kweli, kamasi na vyote, akaacha kazi siku hiyohiyo, na siku hiyo nilimheshimu kwa mara ya kwanza. Kisha alikwenda mtandaoni akatangaza kwamba mimi sijawahi kukifungua kitabu. Yule binti alipewa kofia ya chuma inayofika shingoni akawa mlinzi, na Msanii akawa anamkaripia asisimame kwa mguu mmoja.

Filamu ilipotoka watu walijaa. Joka liliunguruma peke yake, ndege aliimba nyimbo tatu, na siku hizi kila mtoto anaye wa plastiki, ukimbonyeza tumbo anasema "Twende, nahodha!" Mama mdogo alikuja kuitazama, gauni lilelile. Alicheka malkia alipovunja mtungi, akasinzia kidogo vitani, na ndege alipofungua mdomo alisema "Takataka," kwa sauti ya mwalimu, safu nzima ikageuka.

Mashabiki walinivamia. Waliniita mchinjaji, waliniita kibaraka, walisema nimeuza roho kwa ajili ya mdoli. Mwingine aliandika kwamba mtu aliyeweza kumtoa Chiriku hajawahi kumpenda mtoto yeyote maishani mwake, na maelfu wakaungana naye. Mimi nina ulimi, wanaonifahamu wanajua. Nilikuwa na majibu ya kuwafanya wazime simu zao. Niliwaacha waseme.

Juzi nilipita kwa mama mdogo. Vikombe vilikuwa vimeoshwa. Vile vitabu sita alikuwa amevifungia kabatini, hajavigusa tangu wakati ule, na alikuwa amekaa kwenye kochi, dirisha wazi, macho ameyafumba lakini hajalala. Nilisimama mlangoni nikamngoja ayafumbue.

"Amerudi?" nilimuuliza.

"Bado," alisema. "Na kwako?"

Nikatikisa kichwa. Akasogea kwenye kochi, nikakaa.